Msako wa bidhaa bandia usiishie kwa mchuuzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna serikali zinavyosimamia sheria za hakimiliki na sheria za kuzuia bidhaa bandia. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya kiada, na watu ninaoshinda nao kila siku ni waandishi, wachoraji, wapangaji wa kurasa na wachapaji, ambao wote riziki yao inategemea kitabu halali kununuliwa. Kwa hiyo sitajifanya sina upande. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka sheria hizi zisimamiwe, tena kwa nguvu kuliko ilivyo sasa. Ninacholalamikia ni mahali usimamizi huo unapoanzia na unapokomea: unaanza kwa mchuuzi, mtu wa mwisho kabisa katika mnyororo mrefu, na mara nyingi unakomea kwake.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Maofisa huingia sokoni wakifuatana na polisi na wapiga picha, wakakusanya viatu, mikoba, simu, vipodozi na diski za filamu, wakawakamata wachuuzi kadhaa, na baada ya muda shehena ikateketezwa hadharani huku msemaji akitaja thamani yake. Haupiti muda mrefu bidhaa zile zile zinaonekana tena, pengine kwenye meza zile zile. Sipingi kuteketezwa kwa vitu bandia, kwa maana vikiachwa vitarudi sokoni. Ninachotaka kujua, na ambacho sikioni kikielezwa katika taarifa za misako hiyo, ni nani aliyeviagiza, viliingia kwa hati gani, vililala katika ghala la nani, na ni nani aliyemkopesha mchuuzi yule mzigo wa kuanzia.

Kuyajua hayo hakuhitaji sheria ngeni. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, unaojulikana kwa kifupi kama TRIPS, ambao ulitiwa saini mwaka 1994 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, una sehemu nzima inayohusu usimamizi wa haki, kuanzia kifungu cha 41 hadi cha 61. Ndani yake kimo kifungu cha 47, kifupi sana, kinachosema kwamba nchi wanachama zinaweza kuwapa majaji mamlaka ya kumwamuru aliyevunja haki amjulishe mwenye haki ni watu gani wengine walioshiriki kutengeneza na kusambaza bidhaa hizo na ni kwa njia zipi zinasambazwa, ilimradi amri hiyo ilingane na uzito wa kosa. Kifungu hicho ni cha hiari, na nadhani hiyo ndiyo sababu moja ya kusahaulika kwake. Lakini ndicho kinachobeba shabaha nzima ya kazi hii. Mchuuzi aliyekamatwa na jozi ishirini za viatu ana thamani kubwa kwa upelelezi kama shahidi kuliko kama mfungwa, kwa sababu anamjua anayemletea mzigo. Akitozwa faini na kuachiwa bila kuulizwa chochote, taarifa hiyo inaondoka naye, na aliye juu yake anatafuta mchuuzi mwingine kabla ya jua kuzama.

Wapo wanaosema kwamba bidhaa bandia zinawasaidia watu wa kipato cha chini, na kwamba serikali ikikaza kamba inawaumiza hao hao. Hoja hii ina uzito kidogo tunapozungumzia fulana yenye nembo ya kuigiza. Haina uzito wowote tunapozungumzia waya wa umeme. Chukua waya bandia uutazame kwa makini: ganda la plastiki lina rangi inayotakiwa, jina la kiwanda limechapwa juu yake kwa herufi zinazojirudia, na ukiuchuna ncha unaona nyuzi zinazong'aa kama shaba. Zikwangue kwa kisu. Chini ya utando mwembamba wa shaba unakutana na alumini nyeupe. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule ukibebeshwa mzigo uliokusudiwa kubebwa na shaba hupata joto kupita kiasi, na kwa kuwa alumini hulainika na kubonyea inapobanwa, ncha yake hulegea taratibu kwenye skrubu ya soketi, na pale ilipolegea joto huongezeka zaidi. Moto ukizuka usiku ndani ya nyumba, hakuna atakayefungua ukuta kusoma jina lililochapwa kwenye ganda. Aliyenunua waya huo hakusaidiwa na bei nafuu. Alidanganywa, na udanganyifu huo ulianzia kwa mtu aliyeagiza kontena akijua fika kilichomo.

Dawa ndizo zinazotisha zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila kumi za tiba ama haifikii viwango ama imeghushiwa. Dawa ya malaria isiyo na kiambato chake cha tiba haina kasoro ya nembo peke yake. Inamwacha mgonjwa akiamini anatibiwa huku ugonjwa ukisonga mbele, na ile yenye kiambato kidogo mno huvipa vimelea nafasi ya kujenga usugu, hata siku moja dawa halisi nayo ikaja ikashindwa kufanya kazi. Katika jambo kama hili kumkamata muuza duka aliyeuziwa boksi la dawa akiwa hajui chochote, kisha kumwacha msambazaji aliyemuuzia, ni kuwaacha wagonjwa wajao bila ulinzi.

Mahali pa kuukamata mnyororo ukiwa bado mnene ni forodha. Mkataba wa TRIPS unazitaka nchi ziwe na utaratibu wa kumwezesha mwenye alama ya biashara au hakimiliki kuomba shehena anayoitilia shaka izuiwe mpakani, na kifungu cha 58 kinagusa mamlaka ya maofisa kuzuia mzigo kwa hiari yao wenyewe pale wanapoona ushahidi wa awali. Lakini kuna kikomo: mwenye haki akishaarifiwa, ana siku kumi za kazi za kufungua shauri, zinazoweza kuongezwa nyingine kumi, la sivyo mzigo unaachiwa. Kampuni kubwa yenye mawakili katika kila bandari inaziona siku hizo zinatosha. Fundi anayetengeneza vifaa vyake kwa nembo yake mwenyewe, au mchapishaji mwenye wafanyakazi watano, anahangaika kutafuta fedha za dhamana na za wakili, na muda unamwishia. Kama serikali inataka sheria hii isiwe chombo cha wenye nguvu peke yao, basi forodha ziwe na dawati la kuwahudumia wenye haki wadogo, ada za kuandikisha alama ziwe za kulipika, na maofisa watumie mamlaka yao wenyewe pasipo kungoja barua ya wakili.

Waghushi nao wamebadilika. Siku hizi si lazima kontena lije na viatu vilivyokwisha kubandikwa nembo. Viatu vitupu vinakuja peke yake, halali kabisa kwa macho, nazo lebo na vifungashio vinakuja kwa njia nyingine, vikutanishwe ghalani karibu na soko. Mizigo mingine imegawanywa katika vifurushi vidogo vya posta, kila kimoja chepesi kiasi cha kutostahili kufunguliwa. Nyingine hupitia maeneo huru ya biashara, ambako ukaguzi ni hafifu na hati za asili ya bidhaa hubadilishwa. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambalo mwaka 2019 lilitoa mapendekezo kuhusu uwazi katika maeneo hayo, limekadiria kwamba biashara ya kimataifa ya bidhaa bandia mwaka 2021 ilifikia dola za Marekani bilioni 467, sawa na asilimia 2.3 ya uagizaji wote duniani, na makadirio hayo hayahesabu vitu vilivyoghushiwa na kuuzwa ndani ya nchi ile ile wala kazi zinazoibwa mtandaoni. Biashara ya ukubwa huo haiendeshwi na watu wanaotandika turubai kando ya barabara. Ina wenye mitaji, wenye maghala, mawakala wa kutoa mizigo na akaunti za benki, na vyote hivyo vinaacha nyaraka ambazo mpelelezi mwenye nia anaweza kuzifuata.

Nirudi kwenye vitabu, maana hapo ndipo ninapoona madhara kwa macho yangu. Nimeshika mkononi nakala ya wizi ya kitabu cha hesabu nilichokihariri. Jalada lilikuwa zuri kiasi cha kumdanganya mzazi yeyote. Ndani, kwa kuwa kurasa zilipigwa picha na kuchapwa upya kwa wino hafifu, nukta za desimali zilikuwa zimefifia katika mazoezi mengi, hata 2.5 ikasomeka 25, na mtoto aliyefanya hesabu sawasawa akaambiwa na majibu ya mwisho wa kitabu kwamba amekosa. Katika kitabu kingine, cha sayansi, mchoro wa moyo uliotenganisha mishipa kwa rangi nyekundu na bluu ulikuwa umegeuka kijivu chote, ilhali swali lililo chini yake bado lilimtaka mwanafunzi aeleze kazi ya mishipa yenye rangi ya bluu. Mwandishi hakulipwa chochote kwa nakala hizo. Mzazi alilipa, na alichopata ni kitabu kinachomfundisha mwanawe makosa. Mwalimu, asipokuwa na nakala halisi ya kulinganisha, ataamini mtoto ni mzito wa kuelewa.

Nakala za namna hiyo hazitoki kwenye mashine ya fotokopi iliyo nje ya lango la chuo. Zinatoka kwenye kiwanda cha uchapaji, chenye mitambo mizito inayotumia umeme mwingi, karatasi zinazonunuliwa kwa tani, na wafanyakazi wa zamu ya usiku. Kiwanda hakifichiki kama mfuko wa diski. Mwenye mamlaka ya kukagua akitaka kujua ni mtambo gani uliochapa nakala elfu kumi za kitabu ambacho mchapishaji wake hakuagiza, anao uwezo wa kujua. Kifungu cha 61 cha TRIPS kinazitaka nchi ziweke adhabu za jinai angalau kwa uharamia wa hakimiliki unaofanywa kwa makusudi na kwa kiwango cha kibiashara, na kiwango cha kibiashara kinaonekana waziwazi kwenye kiwanda cha namna hiyo. Mwanafunzi aliyenakili sura moja ya kitabu ili ajisomee si mlengwa wa kifungu hicho, na ningesikitika kuona nguvu ya dola ikimwangukia yeye kwa sababu tu ni rahisi kumpata.

Katika mashauri ya hakimiliki kuna kikwazo kinachowakatisha tamaa waandishi kuliko vyote, nacho ni kuambiwa wathibitishe kwamba kazi ni yao. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, pamoja na marekebisho yake, umeliweka jambo hili wazi: ulinzi wa hakimiliki hautegemei usajili wowote, na jina la mwandishi likionekana juu ya kazi kwa namna ya kawaida, linatosha kumfanya atambuliwe kuwa mwandishi mpaka pale kinyume chake kitakapothibitishwa. Kwa hiyo katika nchi zinazofungwa na mkataba huo, ofisa anayemrudisha nyumbani mwandishi au mwanamuziki kwa kuwa hana cheti cha usajili anamnyima haki ambayo nchi imekwisha kuikubali kwa saini yake.

Serikali nazo zijitazame, kwa sababu ni watumiaji wakubwa wa kazi za watu. Mwaka 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alitoa amri ya kiutendaji iliyozitaka idara za serikali yake kuhakikisha programu za kompyuta wanazotumia zina leseni halali. Jambo hilo lilistahili kuwa la kwanza kwa serikali yoyote inayotaka kuwafundisha wengine sheria. Ofisi ya umma yenye kompyuta zilizojaa programu za kuiba, au redio ya umma inayopiga muziki mchana na usiku pasipo kulipa mirabaha, inamwondolea ofisa wa msako uso wa kusimama mbele ya mchuuzi.

Nikiwa mtetezi wa usimamizi madhubuti, ninalazimika pia kusema kwamba nguvu hii ikitumiwa bila mipaka inaua. Desemba 2008 shehena ya dawa ya shinikizo la damu iitwayo losartani, iliyotengenezwa kihalali India ikielekea Brazili, ilizuiwa na forodha ya Uholanzi ikiwa safarini kwa sababu tu kulikuwa na dai la hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ndani ya Uholanzi, ingawa dawa hiyo haikuwa na hataza kule ilikotoka wala kule ilikokwenda. India na Brazili zilipeleka malalamiko Shirika la Biashara Duniani mwaka 2010. Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu kuhusu sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia, iliyolalamikiwa na watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na ikaona kwamba tafsiri pana ya bidhaa bandia katika sheria hiyo ingeweza kuzinasa dawa halali za jeneriki, yaani zenye kiambato kile kile cha tiba lakini zisizo za kampuni iliyoivumbua dawa, na hivyo kuhatarisha haki zao za uhai, utu na afya. Na mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, Bunge la Ulaya liliukataa mkataba wa ACTA dhidi ya bidhaa bandia kwa kura 478 dhidi ya 39, baada ya wananchi wengi kuandamana wakihofia uhuru wao mtandaoni. Matukio haya hayanifanyi nilegeze msimamo. Yananionyesha kwamba dawa ya jeneriki yenye ubora na kidonge cha chaki kilichofungwa kwenye boksi la kuigiza ni vitu viwili visivyopaswa kukutana katika kifungu kimoja cha sheria, na kwamba mtunga sheria asiyevitenganisha humnyang'anya mgonjwa tiba kwa kisingizio cha kumlinda.

Mahakamani nako kuna mengi ya kurekebishwa. Majalada hukaa, vielelezo hupotea au huharibika ghalani, shahidi wa kitaalamu anayeweza kutofautisha bidhaa halisi na bandia hapatikani siku ya kesi, na mwisho mshitakiwa analipa faini ambayo kwa mwagizaji wa makontena ni gharama ndogo ya biashara. Sheria inataka adhabu iwe ya kumfanya mwingine asithubutu. Faini iliyo chini ya faida haimzuii mtu, na kwa hiyo mahakama zinapaswa kutaifisha pia mitambo, magari na fedha zilizotokana na kosa. Kuhusu bidhaa zenyewe, Shirika la Biashara Duniani lilikwisha kuamua Januari 2009, katika shauri la Marekani dhidi ya China, kwamba haitoshi kwa kawaida kubandua nembo ya kughushi na kuziuza bidhaa hizo kwa mnada. Na kwa upande wa pili, aliyeshitakiwa kwa hila na mshindani wake wa biashara ana haki ya kufidiwa, kama kifungu cha 48 cha TRIPS kinavyosema, maana zipo kampuni zinazotumia neno bandia kumfungia mwenzao soko.

Ninachoiomba serikali yoyote inayosimamia sheria hizi ni jambo moja linaloweza kuanza bila kusubiri bunge. Baada ya kila msako itangazwe, pamoja na thamani ya mali iliyokamatwa, idadi ya waagizaji, wenye maghala na wenye mitambo ya uchapaji waliofikishwa mahakamani kutokana na msako huo, na taarifa hiyo irudiwe baada ya miezi sita ikionyesha kila shauri limefikia wapi na mzigo ulipitia mpaka gani. Nanyi wahariri, mnapopokea picha ya moshi kutoka kwenye dampo, mtume mwandishi mahakamani mwezi unaofuata akaulize namba za majalada na majina ya kampuni zilizoandikwa kwenye hati za kuingizia mzigo.

Wako,
Mhariri wa vitabu vya kiada